Ardhi Changa: Barafu ya Mlima Kenya na Majivu ya Nakuru

Mwaka wa 1893 aliingia katika Bonde la Ufa mtaalamu wa miamba aitwaye John Walter Gregory, mtumishi wa Makumbusho ya Uingereza mjini London, akiongoza msafara mdogo wa wapagazi wa pwani, akapita Naivasha na kufika hata Baringo, akilitazama bonde hili kwa jicho ambalo wengi waliomtangulia hawakuwa nalo. Maana hakuwa mtafuta pembe, wala mtafuta njia ya kwendea Uganda, bali mtu atakaye kujua kwa nini nchi imedidimia hapa na kuinuka pale. Alipokwisha mambo ya bondeni aligeukia mashariki, akavuka Laikipia, akaukwea Mlima Kenya kupitia msitu wa mianzi hadi penye mawe matupu na baridi kali, na huko akaufikia mto wa barafu ambao aliupa jina la Lewis. Kileleni hakufika. Lakini njiani aliona jambo ambalo kwa elimu lilikuwa na faida kubwa kuliko kilele chenyewe, nalo ni matuta marefu ya mawe na kifusi yaliyojipanga mabondeni, mbali sana chini ya mahali ilipoishia barafu ya siku zile, na akatambua kwamba hakuna kilichoweza kuyasukuma mawe yale na kuyaacha kwa mpango ule isipokuwa barafu yenyewe, ambayo zamani za kale ilishuka chini zaidi, kisha ikarudi nyuma.

Msomaji wa Nakuru ataniuliza barafu inatuhusu nini sisi, ambao baridi yetu kubwa ni ile ya Julai na ukungu wa Mau. Jawabu langu ni kwamba ardhi ya mlimani iliyofunuliwa na barafu, na ardhi ya bondeni iliyomwagwa na moto wa Menengai na Longonot kisha ikafunuliwa na maji ya ziwa, zote mbili ni ardhi changa, yaani ardhi ambayo haijapata muda wa kuchanganyika, kuoza na kutulia. Na katika ardhi ya namna hiyo virutubisho vya mimea na wanyama havifanyi kazi kila kimoja peke yake, bali kimoja humfungulia mwenzake mlango, na pengine kimoja humfungia. Walioishi hapa katika karne iliyopita walilijua jambo hili kwa hasara, na wengi wao hawakulijua kwa jina.

Na tuanze na mlima. Barafu inaporudi nyuma haiachi udongo kwa maana aijuayo mkulima. Huacha unga wa mwamba uliosagwa, changarawe, na mawe makubwa yaliyolala ovyo, na ndani ya mchanganyiko ule mna karibu kila kitu atakacho mmea: mna potasiamu, mna kalsiamu, mna chuma, na mna fosforasi iliyofungwa ndani ya chembe za madini, ikingoja asidi ya mizizi au ya likeni iiyeyushe kidogo kidogo. Kimoja tu hakimo, nacho ni naitrojeni. Hiyo haitoki katika mwamba ila kwa uchache mno. Makao yake ni hewa, na japokuwa hewa imejaa naitrojeni, mmea hauwezi kuitumia mpaka viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho waikamate na kuigeuza. Basi ardhi iliyotoka chini ya barafu jana ni tajiri wa kila mali isipokuwa ile moja, na kwa kukosa hiyo moja mali nyingine zote hukaa bure.

Hapa ndipo uhusiano wa virutubisho unapoanza kuonekana. Wale viumbe wadogo wanaokamata naitrojeni, wakiwa ndani ya likeni au ndani ya vifundo vya mizizi, nao wana mahitaji yao: hutaka fosforasi kwa wingi, maana kazi yao ina gharama kubwa ya nguvu, na hutaka chuma pamoja na punje ndogo kabisa za molibdeni, ambazo ndizo kiini cha kimeng'enya wanachokitumia. Kwa hiyo fosforasi ya mwamba ndiyo inayowezesha naitrojeni ya hewa kuingia ardhini. Na naitrojeni ikiisha kuingia, mimea hustawi, mizizi huenea, asidi zake huuma mwamba, na fosforasi nyingine hufunguka. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, na sijui maneno mengine yanayoieleza hali hii kwa uchache zaidi.

Waliolipima jambo hili kwanza walilipima mbali na kwetu. Huko Alaska, katika ghuba ambayo barafu yake ilianza kurudi nyuma katikati ya karne ya 18 na kuacha njia ya takriban kilomita mia moja, William Cooper aliweka alama za viwanja vyake mwaka wa 1916 ili aone mimea ikiingia mmoja baada ya mwingine, na mwaka wa 1955 Crocker na Major walionyesha kwamba naitrojeni ya ardhi ile huongezeka upesi pale unapoota mti ambao mizizi yake ina vifundo vya bakteria. New Zealand nako, Walker na Syers waliandika mwaka wa 1976 kwamba fosforasi huenda kinyume: huwa nyingi ardhi inapozaliwa, kisha kadiri dahari zinavyopita huoshwa na mvua, au hushikwa na chuma na aluminiamu ikawa kama iliyotiwa kufuli, hata ardhi kongwe hulia njaa ya fosforasi kama ardhi changa inavyolia njaa ya naitrojeni.

Kwetu, mto wa barafu uliotazamwa kwa subira zaidi kuhusu mimea ni ule wa Tyndall, upande wa magharibi wa kilele cha Batian, ambako Mjapani Kazuharu Mizuno alikwenda tangu miaka ya 1990 kupima ukingo wa barafu umerudi nyuma kiasi gani na mimea imeusogelea kiasi gani. Kati ya mwaka wa 1958 na 1997 barafu ile ilirudi nyuma kwa wastani wa mita tatu hivi kwa mwaka, na baada ya hapo ikaharakisha. Mmea wa kwanza kuifuata ni Senecio keniophytum, mmea mfupi wa maua ya manjano, wenye majani manene yaliyofunikwa na manyoya meupe, nao ulikuwa ukikipanda kifusi karibu kwa mwendo uleule wa barafu inavyorudi, kana kwamba umeiandama. Hauoti popote tu. Huchagua upenyo wa jiwe kubwa lisilosogea, kwa sababu usiku wa kule maji yaliyo katika changarawe huganda yakawa sindano za barafu zenye kuinua mawe madogo, na asubuhi jua likichomoza sindano zile huyeyuka na mawe huanguka upande, pamoja na mche wowote uliojaribu kushika mizizi juu yake. Mahali penye jiwe lililotulia ndipo vumbi linapokusanyika, na likeni, na majani makavu ya mmea wenyewe. Na kwa miaka michache pale panakuwa na udongo mweusi mchache kiasi cha kujaza kiganja, nao ndio udongo halisi wa kwanza wa mahali hapo tangu barafu iondoke.

Mwaka wa 1997, kando ya barafu hiyohiyo, ilifunuliwa maiti ya chui iliyokuwa imezikwa humo, na ilipopimwa ikaonekana kuwa ya miaka elfu moja hivi. Kwa habari ya virutubisho chui yule hana mengi ya kutufundisha, lakini ni shahidi mzuri wa jambo moja: barafu iliyodumu kumhifadhi tangu zama za masultani wa kwanza wa Kilwa ilishindwa kudumu katika umri wa mtu mmoja wa zama zetu.

Sasa nishuke bondeni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walikuwako huku wataalamu wawili waliohangaika na swali moja kwa njia mbili. Louis Leakey alikuwa akichimba pango la Gamble karibu na Elmenteita, na katika tabaka zake alikuta zana za watu wa kale zikiambatana na fukwe za ziwa lililokuwa juu sana kuliko la leo. Na Msweden Erik Nilsson alikuwa akipima fukwe hizo hizo pamoja na matuta ya barafu ya Mlima Kenya, na mwaka wa 1931 akatoa kitabu chake juu ya barafu na maziwa ya kale ya nchi hizi. Dhana iliyoenea wakati huo, na iliyoaminiwa kwa miaka mingi, ni kwamba barafu iliposhuka mlimani ndipo mvua zilipozidi na maziwa yakajaa, na barafu iliporudi nyuma ndipo maziwa nayo yakapungua. Ilikuwa dhana nzuri, nyepesi kufahamika, na haikuwa kweli. Baada ya kupatikana njia ya kupima umri wa vitu kwa kaboni, ilidhihirika kwamba barafu kubwa ya mwisho, ile ya miaka elfu ishirini hivi iliyopita, ilikuwa zama za baridi na ukame, na kwamba maziwa yetu yalijaa baadaye, barafu ilipokwisha kurudi nyuma na mvua za pepo za Bahari ya Hindi zikapata nguvu. Yapata miaka elfu tisa au kumi iliyopita Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita yalikuwa ziwa moja, na maji yake yalisimama kiasi cha mita 180 juu ya kiwango cha sasa, hata mahali ulipo mji wa Nakuru leo palikuwa chini ya maji.

Ziwa lile nalo lilirudi nyuma, na lilichoacha ni matabaka ya majivu ya volkano, tope la ziwa, vumbi jeupe la vijimea vya majini, na magadi. Juu ya hayo yote milima ya moto ilizidi kumwaga. Kasoko ya Menengai, yenye upana wa kilomita kumi na mbili upande mmoja na nane upande wa pili, ni ushahidi wa miripuko iliyotupa mawe mepesi na majivu juu ya nchi nzima ya Bahati, Rongai, Njoro na Mau. Na Longonot, kwa masimulizi ya Wamasai, ilitapika mara ya mwisho katika karne ya 19.

Majivu haya si kama majivu ya kila volkano, na hapa naomba subira ya msomaji, maana ndipo penye siri ya mambo yatakayofuata. Miamba iliyoyeyuka chini ya bonde hili ilikaa muda mrefu katika matumbo ya ardhi kabla ya kutoka, na katika kukaa huko iliacha nyuma madini mazito yaliyotangulia kuganda, ambayo yalichukua magnesi, nikeli, kobalti na sehemu kubwa ya shaba. Kilichobaki na kutupwa juu kilikuwa kimejaa sodiamu, potasiamu na fluori, ndiyo maana maji ya visima vyetu huyatia madoa meno ya watoto, lakini kilikuwa maskini wa kobalti na maskini wa shaba. Mtu akiyaangalia mashamba ya Njoro, udongo mweusi, mwepesi, wenye kushika maji, atasema hapa ndipo penye neema. Naye atakuwa amesema kweli, ila neema yenyewe ina tundu.

Wamasai waliijua ardhi hii kabla ya mtu yeyote kuipima. Walilisha katika bonde zima, Naivasha, Nakuru, Elmenteita, lakini hawakukaa mahali pamoja. Makundi yalihama kufuata majani na maji na vilevile kufuata chumvi, na palikuwapo malisho mabichi, mazuri kwa macho, ambayo walikataa kuwaacha ng'ombe wakae humo kwa muda mrefu. Reli ilipopita Nakuru karibu na mwaka wa 1900 na serikali ya kikoloni ikataka kuwapa walowezi ardhi ya pande zote mbili za reli, mkataba wa mwaka wa 1904 uliwahamishia Wamasai Laikipia na kusini, na ule wa mwaka wa 1911 ukawatoa hata Laikipia. Pamoja na watu na mifugo yao iliondoka elimu ya kuhamahama, na nchi ikakatwa mashamba yenye mipaka, kila shamba likiwa na kundi lake lisilotoka humo mwaka mzima.

Aliyetangulia kulipa gharama alikuwa mlowezi Lord Delamere, ambaye mwaka wa 1903 alipewa eka 100,000 huko Njoro, akaagiza kondoo wa manyoya kutoka New Zealand na kuwaachilia katika majani yaliyomfika mtu magotini. Kondoo walikonda. Wengi wakafa, na wana-kondoo waliozaliwa hawakukua. Ng'ombe nao walipata taabu. Sitaki kumwonea huruma kupita kiasi, maana ardhi ile ilipatikana kwa jasho la wengine waliofukuzwa, lakini hasara yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomfanya ahamishie mifugo yake Soysambu, kando ya Elmenteita, na kugeuza Njoro kuwa nchi ya ngano.

Katika miaka iliyofuata walowezi wengine walikutana na balaa lilelile, na madaktari wa mifugo waliupa ugonjwa huo jina la mji wetu, wakauita Nakuruitis. Alama zake zilikuwa hizi: ng'ombe au kondoo huanza kupoteza hamu ya kula, ngozi yake ikakauka na manyoya yakasimama, utando wa ndani wa jicho ukawa mweupe kwa kukosa damu, akakonda mpaka akasimama kama aliyeshindwa na njaa ilhali majani yako mbele ya mdomo wake, na ajabu yake ni kwamba akipelekwa malisho mengine, pengine mwendo wa siku moja au mbili tu, hupona bila dawa. Mwenye akili angeweza kukisia kutokana na hilo la mwisho kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, bali ardhi ile ina kitu inachokosa.

Swali lilikuwa ni kitu gani. Katika miaka ya 1920 serikali ilimtegemea John Boyd Orr, Mskoti wa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 1949, naye alikuja Kenya kuchunguza lishe ya watu na ya mifugo, akapima majani ya malisho haya na kuyakuta na upungufu wa madini kadhaa. Kwa kuwa mnyama mgonjwa alikuwa amepungukiwa na damu, na damu haifanyiki bila chuma, hukumu iliyotolewa ilikuwa kwamba Nakuru inakosa chuma. New Zealand, ambako mifugo iliyolisha juu ya majivu ya volkano ilikuwa na ugonjwa uliofanana na huu kama pacha na pachaye, walisema vivyo hivyo, na wakawalambisha mifugo yao mawe yenye chuma. Na baadhi ya mawe yaliponya, mengine hayakuponya, wala hakuna aliyejua kwa nini.

Jibu lilitoka Australia mwaka wa 1935. Underwood na Filmer walichukua mawe yale yenye chuma yaliyokuwa yakiponya, wakayatenganisha kwa ustadi wa kemia, wakawapa mifugo sehemu isiyokuwa na chuma hata kidogo, na mifugo ikapona. Dawa haikuwa chuma kamwe. Ilikuwa kobalti, iliyokuwa imejificha ndani ya chuma kama takataka isiyohesabiwa. Ndipo ikajulikana kwamba Nakuruitis ni ndugu wa maradhi ya Australia na New Zealand, na ya Uskoti pia, na kwamba mnyama acheuaye hutosheka akipata sehemu moja tu ya kobalti katika sehemu milioni kumi za majani makavu, ila akikosa hiyo hufa. Sababu yenyewe ilifahamika mwaka wa 1948, ilipopatikana vitamini B12 na kuonekana ina kobalti moyoni mwake: bakteria waishio katika tumbo la kwanza la ng'ombe huitumia kobalti ya majani kutengeneza vitamini ile, na bila hiyo mwili wa mnyama hauwezi kugeuza chakula kuwa nguvu, wala kutengeneza damu. Kwa hiyo ng'ombe wa Nakuru hakuwa na njaa ya majani, wala ya chuma. Bakteria wake ndio waliokuwa na njaa.

Nataka msomaji aone jinsi jambo hili linavyofungamana na lile la mlimani. Kule juu, ardhi ina fosforasi na haina naitrojeni, na viumbe wadogo ndio wanaoliziba pengo. Huku chini, majani ni mengi lakini kobalti ni chache, na viumbe wadogo ndio wanaoshindwa kuliziba. Na ardhini mwenyewe kobalti ina adui, nayo ni manganizi, ambayo ikiwa katika umbo la kutu nyeusi huivuta kobalti na kuishika hata mizizi isiipate, ingawa maabara ikipima jumla yake itasema ipo. Mkulima akimwaga chokaa ili kupunguza uchachu wa udongo, kobalti hushikwa zaidi, na jambo jema kwa mahindi likawa baya kwa ng'ombe wanaolishwa mabua.

Ngano nayo ilikuwa na kisa chake. Delamere alipogeukia kilimo alipambana kwanza na kutu, ule ugonjwa wa majani unaoenea kwa upepo, akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu, na kazi hiyo baadaye ilichukuliwa na serikali, ambayo mwaka wa 1927 ilianzisha kituo cha kuzalisha mbegu Njoro, kituo kilichopo hadi leo chini ya shirika la utafiti wa kilimo la KALRO. Kwa miaka mingi ngano ikishindwa watu waliilaumu kutu, au waliilaumu mbegu, na mara nyingi walikuwa na haki. Lakini yalikuwapo mashamba, hasa Njoro na miinuko ya kuelekea Mau, ambako ngano iliota vizuri, ikatoa majani ya kijani, kisha ncha za majani machanga zikageuka nyeupe, zikajikunja na kukauka, na masuke yakatoka mazuri kwa nje, ukiyapuria kiganjani hamna punje ila makapi. Katika miaka ya 1960 ilithibitishwa kwamba kilichokosekana ni shaba, ambayo bila hiyo chavua ya ngano haina uhai na ua halizai. Na shaba hiyo, iliyopungua ardhini tangu mwanzo kwa asili ya majivu yetu, hushikwa tena kwa nguvu na mboji nyingi ya udongo wa miinuko ile.

Na mbolea ilifanya nini? Hilo ndilo funzo chungu zaidi, nami naliona ni la maana kuliko yote niliyokwisha kusema. Mkulima akiona ngano dhaifu humwaga naitrojeni, na ngano huitikia kwa kukua haraka. Lakini shaba iliyokuwa ikitosha majani machache sasa hugawanywa kwa majani mengi, na ile iliyomo katika majani makuukuu hukaa imefungwa humo isihamie kwenye suke, hata shamba lililopewa mbolea nyingi huvuna punje chache kuliko lile la jirani maskini asiyemwaga kitu. Kadhalika fosforasi, ambayo udongo huu mweusi huimeza na kuifunga kwa aluminiamu yake, hutakiwa imwagwe kwa wingi ili mmea upate chochote. Na ikiwa nyingi huzuia zinki isipande katika mmea. Dawa ya shaba yenyewe ni rahisi, kunyunyizia majani maji yenye chumvi ya shaba kidogo, au kuipaka mbegu kabla ya kuipanda. Gharama yake ni ndogo kuliko gunia moja la mbolea.

Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa mwaka wa 1968 na kuzungushiwa uzio katika miaka ya 1980 ili kulinda vifaru, ilirudia kwa wanyama wa porini kisa kilekile cha ng'ombe wa walowezi. Swala pala na kuro waliokuwa wakitoka na kwenda kulamba chumvi kwingine sasa walifungiwa juu ya ardhi ya ziwa lililorudi nyuma. Maskall na Thornton wa chuo cha Imperial cha London waliandika mwaka wa 1989 kwamba wanyama hao walikuwa na upungufu wa shaba na wa kobalti. Sababu ya shaba ni ya kustaajabisha: katika udongo wenye magadi molibdeni hufunguka na kuingia majani kwa wingi, na ndani ya tumbo la mnyama acheuaye molibdeni huungana na salfa, na viwili hivyo humteka shaba asiingie damuni. Molibdeni ileile tuliyoiona ikisaidia viumbe wa mlimani kukamata naitrojeni, bondeni ni mwizi wa shaba.

Mlimani barafu inakaribia kwisha. Katika mito 18 iliyohesabiwa mwanzoni mwa karne ya 20 mingi imetoweka, ule wa Gregory ukiwa miongoni mwake, na Lewis uliopoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010 umebaki vipande. Bondeni mashamba makubwa yamegawanywa kuwa ya eka mbili na tatu, na mwenye shamba hununua mbolea yake katika agroveti ya Molo au Njoro kwa kuuliza bei kwanza na aina baadaye. Na muuzaji humpa DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia, yaani fosforasi na naitrojeni, ilhali ardhi yake huenda imepungukiwa zaidi na shaba au zinki.

Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu wa Njoro, Molo, Mau Narok na Bahati: kabla ya msimu, chukueni udongo wa sentimita ishirini za juu kutoka sehemu kadhaa za shamba, mkauchanganye katika ndoo safi isiyo ya mabati, mkaupeleke maabarani, na mkidai jibu msidai naitrojeni na fosforasi peke yake, daini pia shaba, zinki, kobalti na manganizi, maana vipimo hivyo hufanywa tu vinapoombwa.